Kichefuchefu Ndani ya Matatu: Kiti Kwanza, Programu Baadaye

Anayefungua duka la programu kwenye simu yake kutafuta tiba ya kichefuchefu cha safari hatakosa cha kupakua. Zipo programu zinazochora nukta pembeni mwa skrini, zipo zinazochora mstari wa upeo wa macho, zipo zinazovumisha sauti nzito masikioni, zipo zinazofundisha kupumua, na zipo zinazoahidi kwamba mtetemo wa simu ukibanwa kwenye kifundo cha mkono utatuliza tumbo. Abiria wa Waithaka anayeingia mjini kila asubuhi, au familia inayopanda basi kwenye stegi ya Kawangware 56 mwezi wa Desemba kwenda Kakamega au Busia, inataka jibu moja tu: ipi inafanya kazi? Tatizo ni kwamba mara nyingi simu hiyo hiyo inayotafutiwa programu ndiyo iliyomchafua mtu moyo. Kwa hiyo kila programu ipimwe kwa kipimo kimoja: inayafanyia nini macho ya abiria. Kwa kipimo hicho, programu bora kwa msafiri wa kawaida wa magharibi mwa Nairobi ni ile isiyoyahitaji macho hata kidogo. Zile za nukta zinashika nafasi ya pili, kwa masharti. Zilizobaki hazistahili hata bando la kuzipakua.

Ili kuona kwa nini, tuanze ndani ya sikio. Nyuma ya ngoma ya sikio, ndani kabisa ya mfupa, mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa maji, na pembeni yake vijiwe vidogo mno vilivyolala juu ya vinyweleo. Kichwa kikigeuka, maji hubaki nyuma. Gari likiongeza mwendo au kupiga breki, vijiwe huteleza. Hivyo sikio huujulisha ubongo kwamba mwili unasafiri hata macho yakiwa yamefumbwa. Abiria anayesoma ujumbe kwenye simu anaupa ubongo habari mbili zinazopingana: macho yanasema herufi zimetulia, sikio linasema gari linayumba. Watafiti wawili wa Uingereza, James Reason na Joseph Brand, waliyaweka maelezo haya ya mgongano wa hisi katika kitabu cha mwaka 1975, na hadi leo ndiyo yanayotegemewa zaidi. Kwa nini mgongano huo uishie tumboni, hapo wataalamu hawajaafikiana. Michel Treisman alipendekeza mwaka 1977 kwamba ubongo, ukikuta hisi hazipatani, hudhani mtu amekula sumu na kuamuru itapikwe. Ni dhana tamu, ingawa si rahisi kuithibitisha.

Jambo la pili la kujua ni kwamba si kila mtikisiko unaochafua moyo. Majaribio ya miaka mingi, ya baharini na ya maabara, yameonyesha kuwa mwendo mbaya kuliko wote ni ule wa polepole, unaojirudia takriban mara moja kila sekunde tano. Matuta ya barabarani yanaumiza mgongo, lakini kwa upande wa kichefuchefu yana nafuu kuliko mayumbo marefu ya gari linalokata kona au la dereva anayekanyaga mafuta, anaachia, anapiga breki, kisha anakanyaga tena. Jam ya asubuhi kwenye Barabara ya Ngong ni mwendo wa aina hiyo kabisa. Kutoka Dagoretti Corner, kupitia Kenya Science na Adams Arcade hadi Prestige, matatu huvuta mita chache, hujichomeka kati ya magari mawili, husimama, huvuta tena. Upanuzi wa barabara hiyo, uliofanywa kwa sehemu kwa msaada wa Japani, umeongeza njia, lakini mtindo wa kukanyaga na kuachia haukuondoka. Dereva mwenyewe hapatwi na kitu, kwa sababu mguu wake unajua breki inakuja kabla sikio halijaisikia. Anayeumia ni abiria ambaye kila breki inamkuta ghafla, na hakuna anayeshtukizwa zaidi ya yule aliyeinamia simu.

Ndiyo maana kiti kinatangulia programu. Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza, Mark Turner na Michael Griffin, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa abiria 3,256 wa mabasi ya safari. Takriban asilimia 13 walisema walipata kichefuchefu, na chini ya asilimia 2 walitapika. Lakini wale ambao hawakuweza kuiona barabara iliyo mbele walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuugua kuliko walioiona vizuri. Hakuna programu yoyote ya simu iliyowahi kuonyesha tofauti kubwa kiasi hicho ndani ya magari halisi yenye abiria wengi namna hiyo.

Sasa ilete takwimu hiyo kwenye matatu zetu. Kiti cha mbele kando ya dereva kinagombaniwa kwa sababu nyingine, lakini kwa anayechafukwa na safari kina faida ya kitabibu. Kinachofuata kwa ubora ni kiti cha dirishani katika safu za mwanzo, au kile cha katikati ambacho kioo cha mbele kinaonekana vizuri kati ya vichwa vya watu. Kibaya zaidi ni safu ya mwisho kabisa, nyuma ya magurudumu, ambako kila mkato wa kona unakuzwa. Nganya, yaani matatu zilizopambwa sana, zinazopita njia ya Ngong na Rongai zinaongeza shida ya pekee: madirisha yamefunikwa michoro, mwanga wa nje hauingii, na mbele kuna skrini inayocheza video. Abiria wa humo amefungiwa ndani ya chumba chenye picha zinazoruka huku sikio likisema mengine kabisa, kisha anashangaa kwamba kufika stegi ya Community ameanza kutokwa jasho jembamba. Kwenye treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari zake kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, mabehewa ya daraja la kawaida yana viti vinavyotazamana, na hivyo kila kundi la viti lina watu wanaosafiri kinyumenyume. Anayejijua ni mwepesi wa kuchafukwa aombe kubadilishana kiti kabla ya treni kuondoka.

Watoto wanastahili neno lao. Wenye umri wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaougua zaidi kuliko kundi lolote, na mtindo wetu wa kusafiri nao unawazidishia. Mtoto hupakatwa ili kuokoa nauli. Kichwa chake kinabaki chini ya usawa wa dirisha, mbele yake mna mgongo wa kiti, kisha anapewa simu yenye katuni ili asisumbue. Amenyimwa dirisha na kupewa skrini kwa wakati mmoja. Akitapika karibu na Kangemi lawama inaiangukia chai ya asubuhi. Mzazi anayetafuta programu ya kumsaidia mwanawe angefanya vyema kuifunga ile iliyo wazi tayari, amkalishe wima, amwelekeze kutazama mbele na kumpa kazi ya kuhesabu mabasi ya shule yanayopishana nao.

Baada ya hayo, tuzitazame zile nukta, maana zina hoja ya kweli. Kampuni ya Apple ilizitangaza Mei 2024 na kuziingiza kwenye simu za iPhone Septemba ya mwaka huo, pamoja na mfumo wa iOS 18. Hakuna cha kununua wala kupakua: mtu anaingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, kisha mwendo, na kuziwasha, anaweza pia kuzipanga zijiwashe zenyewe simu ikitambua iko ndani ya gari. Nukta chache hutokea kwenye kingo za skrini. Gari likikata kushoto, zinateleza kulia, likitulia, zinatulia. Anayesoma hazitazami moja kwa moja, bali jicho linazipata pembeni, na hivyo habari ya mwendo inaufikia ubongo kupitia macho pia. Upande wa Android, programu ya KineStop ilitangulia kwa miaka kadhaa na wazo linalofanana: inachora upeo bandia juu ya chochote unachosoma, nao unainama gari linapoyumba. Baadhi ya watengenezaji wa simu wa China wameanza kuweka nukta za namna hiyo ndani ya mifumo yao.

Wazo lenyewe halikuanzia kwenye simu. Mwaka 1989 watafiti Rolnick na Bles walionyesha kwamba watu waliofungiwa ndani ya chumba kinachoinamishwa huku na huku, bila dirisha, walijisikia vizuri na kufanya kazi zao vizuri zaidi walipooneshwa upeo bandia ukutani. Kwa hiyo kanuni inashika. Swali ni kiasi gani chake kinabaki kanuni hiyo ikisinyaa kuingia kwenye kioo cha simu. Chukua simu yenye skrini ya upana wa sentimita 7, iliyoshikwa sentimita 30 kutoka usoni. Inachukua nyuzi 13 hivi za uwanja wa macho, wakati macho mawili ya binadamu yanaona takriban nyuzi 180 kutoka upande hadi upande. Ukuta wa chumba ulijaza macho. Simu ni kama kuchungulia bahari kupitia tundu la kufuli. Na sehemu ya jicho iliyo hodari kutambua mwendo ni ya pembezoni, huko huko ambako simu haifiki. Nukta zinaweza kupunguza uchungu kwa anayelazimika kusoma, lakini haziwezi kushindana na dirisha la bure lililo sentimita chache kutoka begani.

Hilo ni la simu nzuri. Kwenye stegi ya Kawangware, simu nyingi zilizo mifukoni ni Android za bei ya chini na ya kati: Tecno, Infinix, itel, Samsung za ngazi ya chini. Programu ya nukta inategemea vihisi viwili ndani ya simu. Kimoja hupima mchapuko, na kila simu janja inacho, kwa sababu ndicho kinachogeuza picha unapoilaza simu. Cha pili ni jiroskopu, kinachopima mzunguko, nacho ndicho watengenezaji wa simu za bei nafuu hukiacha ili kuokoa gharama. Bila jiroskopu, programu inabaki kukisia, na haiwezi kutenganisha vizuri mkono ulioinamisha simu na gari lililokata kona. Nukta zikichelewa, au zikienda upande usio wao, abiria ameongezewa shahidi wa tatu wa uongo juu ya wale wawili waliokuwa wakibishana. Kabla ya kulipia chochote, angalia orodha ya vihisi vya simu yako kwenye maelezo yake rasmi. Jiroskopu ikikosekana, mjadala wa nukta umekwisha, na hakuna maoni ya nyota tano yatakayoubadilisha.

Kuna jambo zito zaidi, nalo halina uhusiano wowote na tumbo. Ili ichore upeo juu ya programu nyingine, programu ya Android lazima ipewe ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Ruhusa hiyo ni halali, na programu nyingi za heshima huiomba. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na wezi wa mtandaoni kuweka skrini bandia juu ya ile ya benki, mtu aandike namba yake ya siri akidhani anaongea na benki yake. Katika nchi ambako mshahara, kodi ya nyumba na nauli vyote vinapita kwenye M-Pesa, ruhusa hiyo haipewi programu isiyojulikana mwenyewe ni nani. Wakenya wameshafunzwa somo hili kwa ukali na programu za mikopo, zilizochukua orodha za majina kwenye simu na kuwapigia mashemeji na waajiri wa wadaiwa, hadi Benki Kuu ikaleta kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Programu ya kichefuchefu inahitaji vihisi vya mwendo, na labda ruhusa ya kuchora juu ya skrini. Ikiomba orodha ya majina, ujumbe mfupi au maikrofoni, ifute. Kwa mzani huu, nukta zilizomo ndani ya mfumo wa simu wenyewe zina faida kubwa juu ya zile za kupakuliwa, hata kama zinafanana machoni.

Mtu atasema: lakini watu wanazisifu, wameandika kwamba zimewaponya. Sifa hizo ni za kweli kwa maana kwamba waliozitoa walijisikia vizuri. Ila kichefuchefu ni ugonjwa unaosikiliza sana kile mtu anachotarajia. Mwaka 1995 Dov Eden na Yaakov Zuk walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanagenzi 25 wa jeshi la majini la Israeli. Baadhi yao, waliochaguliwa bila mpangilio, waliambiwa kabla ya kutweka kwamba hawaelekei kupata kichefuchefu cha bahari, na kwamba hata wakikipata hakitawazuia kazi. Waliporudi, kundi hilo lilikuwa limeugua kidogo kuliko wenzao, na wakufunzi ambao hawakujua nani aliambiwa nini walilipatia alama za juu kikazi. Ikiwa maneno matupu yana nguvu hiyo, basi programu yoyote yenye rangi nzuri na ahadi tamu itapata watu wa kuisifia. Je, kuna ubaya gani ikiwa imani ndiyo inayotibu? Hakuna, mradi imani hiyo ni ya bure. Ubaya unaanza pale inapolipiwa kila mwezi kwa kadi, au inapolipiwa kwa ruhusa nilizozitaja.

Tuje sasa kwenye programu ninazoziweka mbele, na hazina hata jina la kichefuchefu: redio, vitabu vya kusikiliza, mahubiri, mawaidha, muziki. Faida yake ya kwanza ni kwamba zinayaachilia macho yarudi barabarani. Ya pili imepimwa. Mwaka 2003, watafiti wa London wakiongozwa na Fleur Yen Pik Sang waliwaweka watu kwenye mwendo wa kuchafua moyo na kuangalia wanastahimili muda gani hadi kichefuchefu kianze. Bila msaada walifika kama dakika 9. Wakisikiliza muziki, au wakielekeza mawazo kwenye kupumua taratibu, walipita dakika 10. Ni nyongeza ndogo, na watafiti wenyewe waliikadiria kuwa nusu hivi ya faida ya dawa. Lakini ni nusu isiyoleta usingizi wala kuuliza namba ya siri. Programu ya kufundisha kupumua, ikiwa inaongoza kwa sauti, inaingia humu. Ikiwa inamtaka mtu atazame duara linalotanuka na kusinyaa kwenye skrini, imejipinga yenyewe.

Sauti nzito nazo zimeanza kutajwa. Mwaka 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walitoa matokeo yanayoonyesha kuwa sauti maalumu ya mitetemo 100 kwa sekunde, ikisikilizwa kwa dakika moja, ilipunguza dalili kwa watu waliojitolea, na wakaeleza kuwa inaichangamsha sehemu ya sikio inayohusika na mizani ya mwili. Ni habari ya kufuatilia. Lakini sauti ile ilipimwa na kutolewa kwa kiwango kilichodhibitiwa. Programu inayodai kuiga kazi hiyo kupitia visikizi vya shilingi mia mbili haitoi kitu kile kile, maana visikizi vya aina hiyo hudhoofika sana kwenye sauti za chini. Na kama besi peke yake ingekuwa dawa, abiria wa nganya wangekuwa watu wenye afya njema kuliko wote Nairobi.

Simu inaweza kusaidia kwa njia nyingine, ukiwa bado nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliwapa watu mafumbo ya kugeuza maumbo akilini, dakika 15 kwa siku kwa wiki mbili, kisha wakawasafirisha tena. Dalili zilipungua kwa zaidi ya nusu. Mazoezi yale yalikuwa ya kalamu na karatasi, lakini michezo ya kukunja na kuzungusha maumbo imejaa kwenye simu, na ya bure. Mwenye safari ya Desemba akianza katikati ya Novemba hatakuwa amepoteza kitu. Hii ni programu ya kichefuchefu inayotumika kochini, gari likiwa halipo, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeiuza kwa jina hilo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la wakati. Mkaazi wa Dagoretti anaweza kupoteza saa mbili au zaidi kwa siku ndani ya matatu, na huo ndio muda alio nao wa kujibu wateja, kusoma maelezo ya chuo, kupanga oda za biashara ya mtandaoni. Kumwambia afunge simu ni kumwambia apoteze saa zile. Sikatai. Ndiyo maana nukta zimepewa nafasi ya pili badala ya kutupwa. Lakini hata kazi hiyo ina sehemu ambayo macho hayahitajiki: ujumbe wa sauti unarekodiwa na kusikilizwa, simu za Android na iPhone zinaweza kusoma maandishi kwa sauti, na barua inayohitaji macho inaweza kungoja hadi gari lisimame kabisa, jambo ambalo kwenye Barabara ya Ngong halichelewi. Anayelazimika kusoma na ainue simu hadi usawa wa macho, kichwa akiegemeze kwenye kiti, ili barabara ibaki ikionekana juu ya ukingo wa simu. Tahadhari moja tu: kwenye jam, simu iliyoinuliwa karibu na dirisha lililo wazi inaonwa na wengine pia, na wanaozinyakua hawajali inachora nukta au haichori. Dirisha lifungwe kwanza.

Wapo ambao moyo unawachafuka hata wakiwa hawajagusa simu. Hao programu haiwahusu, na kuwauzia ni kuwapotezea muda. Msaada wao uko kwa mfamasia. Dawa kama cinnarizine na promethazine zinafanya kazi, lakini ni lazima zinywewe kabla ya safari, kwa kuwa tumbo likishavurugika halizipokei vizuri. Zinaleta usingizi, na usingizi ndani ya matatu unaweza kumpitisha mtu stegi yake au kumfungulia mfukoni mwizi. Anayeendesha gari asizitumie, na promethazine haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili. Kuna mkanganyiko mmoja unaostahili kuondolewa. Hyoscine ni miongoni mwa dawa zenye ushahidi mzuri zaidi dhidi ya kichefuchefu cha safari, lakini ile inayouzwa sana kwetu kwa maumivu ya tumbo kubana, Buscopan, ni hyoscine ya aina nyingine, ambayo haipenyi vizuri hadi kwenye ubongo na hivyo haisaidii safarini. Vivyo hivyo ondansetron, inayosifika hospitalini kwa kuzuia kutapika, haijaonyesha faida ya maana kwa kichefuchefu cha mwendo. Tangawizi haina madhara kwa wengi, ingawa ushahidi wake umegawanyika. Mjamzito na anayetumia dawa nyingine aulize kwanza.

Safari ndefu ina kanuni zake. Basi la kwenda magharibi likipita njia ya chini ya Mai Mahiu, iliyochongwa ukingoni mwa bonde na wafungwa wa kivita wa Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huteremka kwa kona baada ya kona huku dereva akipiga breki nyuma ya malori. Hapo hata anayesikiliza redio atulie, aangalie bonde lililo mbali, na ayaache mambo ya skrini hadi Naivasha. Kula kidogo kabla ya kuondoka ni bora kuliko kufunga au kushiba. Na kwa kuwa juala jepesi la plastiki lilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, anayejijua abebe mfuko wa karatasi nzito au mkebe wenye kifuniko. Kondakta hana tena cha kumrushia.

Kichefuchefu cha safari huisha chenyewe muda mfupi baada ya kushuka. Kizunguzungu kikiendelea siku ya pili, masikio yakivuma, usikivu ukipungua upande mmoja, au kichwa kikiuma vikali kila baada ya safari, usitafute programu nyingine. Nenda zahanati iliyo karibu, uombe kuelekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo.